Shokapu Haibebi Mzigo

Kabla hujagusa spana, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi la mbele. Anza ndani kwenda nje, kisha rudi. Kiganja kikiteleza vizuri wakati wa kwenda na kukwaruzwa wakati wa kurudi, ujue magurudumu mawili ya mbele hayaelekei njia moja: yamefumbana au yameachana kidogo kwa mbele, na kila kilomita yanaburuzwa kwa ubavu. Sasa fuata mzunguko wa tairi. Kiganja kikipanda na kushuka kwenye vidimbwi vilivyofuatana, hapo ndipo shokapu inapoingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Macho huchelewa kuyaona haya. Yanapoyaona, nusu ya tairi imeshakwenda.

Wenye magari-nyumba wengi hawapiti njia hiyo. Gari likipepesuka lori linapolipita, au likidunda kwenye maungio ya daraja, ushauri wa kwanza wanaoupata ni kununua shokapu za bei mbaya, Bilstein au Koni, na gari litatulia. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi gari hutulia kidogo, mwenye gari akafurahi, na mwaka unaofuata matairi mapya yakaliwa bega la ndani vilevile kama yale ya zamani, kwa sababu kilichokuwa kinayala hakikuwa shokapu.

Ili kuelewa kwa nini, lazima ujue gari-nyumba ni gari gani hasa. Kule Ulaya, chini ya vitanda, jiko na choo, mara nyingi utakuta Fiat Ducato, gari la mizigo linalotoka kiwanda cha Val di Sangro pale Atessa, Italia, tangu 1981. Marekani, yale ya ukubwa wa kati yenye kitanda juu ya kabini ya dereva mengi yamejengwa juu ya chasisi ya Ford E-450, iliyoidhinishwa kubeba hadi pauni 14,500, yaani karibu kilo 6,580 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Hizi ni chasisi za kazi, na kazi yao ya asili ina mapumziko: gari la kusambaza vifurushi huondoka asubuhi limejaa na kurudi jioni tupu. Gari-nyumba halishushi mzigo kamwe. Makabati, friji, betri, tangi la maji na godoro vinalala juu ya springi zilezile usiku na mchana, hata miezi sita ya baridi gari likiwa limeegeshwa uani bila kusogea.

Matokeo yake ni kwamba springi za gari-nyumba huishi zikiwa zimebanwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Na springi ndiyo inayobeba. Shokapu ya kawaida haibebi chochote. Ukiifungua na kuisimamisha sakafuni, unaweza kuisukuma chini kwa mikono yako miwili. Kazi yake ni kuzuia mwendo. Ndani yake kuna pistoni yenye vitundu na vali, inayopita kwenye mafuta, na ugumu unaousikia ni uleule wa pampu ya baiskeli uliyoiziba tundu nusu kwa kidole: ukisukuma polepole inakubali, ukisukuma kwa nguvu inakataa. Nguvu inayozuiwa haipotei, inageuka joto, ndiyo maana shokapu iliyofanya kazi kwelikweli huwezi kuishika. Kwa hiyo gari lililoinama nyuma kwa uzito halitainuliwa na shokapu mpya. Litaendelea kuinama, ila litainama kwa utulivu zaidi.

Uzito, basi, ndio wa kuanzia, na hapa kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye gari-nyumba aifanye kwa kalamu. Magari haya yana mkia mrefu, sehemu inayoning'inia nyuma ya ekseli. Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambazo ni karibu sawa na Ducato ndefu. Funga pikipiki ndogo na kibebeo chake, jumla kilo 100, mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 100, inaongezewa 150. Hizo 50 za ziada zimetoka mbele: mkia umeigeuza ekseli ya nyuma kuwa egemeo na kuinyanyua pua ya gari. Sasa nyuma kumezidiwa na mbele kumekuwa kwepesi, na kwenye Ducato mbele ndiko kunakovuta, kunakokata kona na kunakofanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi na gari linayumbishwa na upepo, analaumu shokapu. Ashushe pikipiki kwanza.

Uzito pia huegemea upande. Turubai la kivuli lililofungwa ubavuni, jiko na friji vikiwa upande huohuo, tangi la maji upande mwingine. Lita 100 za maji ni kilo 100, zikiwepo au zisipokuwepo gari hubadilika tabia. Kupima ekseli peke yake hakuonyeshi haya. Inafaa kila gurudumu lipimwe kwa mzani wake. Madereva wa mabasi yanayotoka Dar es Salaam wanaijua mizani ya Vigwaza na wanajua ekseli inaweza kuzidi hata kama gari zima halijazidi. Mtalii mwenye gari-nyumba Ulaya anaweza kumaliza miaka mingi bila kulipandisha mzanini hata mara moja, ilhali magari mengi yamesajiliwa kwa kilo 3,500 kwa sababu hapo ndipo leseni ya kawaida ya daraja B ilipoishia kwa miaka mingi. Anajaza maji, anapakia baiskeli za umeme, anaondoka na kilo 3,800 bila kujua.

Tairi lenyewe limeandikwa linachoweza. Namba ya mzigo kwenye ubavu wake ikiwa 109, tairi linabeba kilo 1,030. Ikiwa 116, kilo 1,250. Matairi mawili ya 109 nyuma yanabeba kilo 2,060. Ducato nyingi za chasisi nyepesi zina kikomo cha kilo 2,000 kwa ekseli ya nyuma. Umebakiwa na kilo 60, na pikipiki yako imeshakula 150. Hapo shokapu ya aina yoyote ni pambo.

Ulaya kuna matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari haya, yenye herufi CP kwenye kipimo, ubavu mgumu, yanayojazwa upepo wa bar 5 hadi 5.5, yaani psi 73 hadi 80. Gari dogo la kawaida hujazwa psi 30 na kitu, kwa hiyo mtu anayeona 80 hushtuka na kupunguza ili gari liwe laini. Hapo ndipo matairi yanapoanza kufa. Tairi lenye upepo pungufu hukunja ubavu wake kila linapozunguka, ubavu unapata joto, na joto ndilo linalotenganisha tabaka za ndani. Pia huliwa mabega yote mawili huku katikati kukibaki na meno. Upepo ukizidi, huliwa katikati. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana likishatembea upepo umepanda kwa joto na kipimo kinakudanganya. Na jambo dogo ambalo mafundi wengi wa matairi hulisahau: vali za mpira zinazosukumwa kwenye rimu kwa kawaida zimekusudiwa bar 4.5 hivi. Kwa bar 5.5 dai vali za chuma.

Kwenye E-450 matairi ya nyuma ni pacha, mawili kila upande, na huko kuna hila yake. Tairi la 225/75 R16 la chasisi hiyo linabeba kilo 1,215 likiwa peke yake lakini kilo 1,120 tu likiwa na pacha wake, kwa sababu mapacha hawagawani mzigo sawasawa. La ndani likipungua upepo, la nje linaubeba mzigo wake kimyakimya na dereva hahisi kitu. Likipasuka, hupasukia chini ya sakafu palipo na mabomba ya maji na nyaya. Kifaa cha kusoma upepo cha kila tairi, kinachoonyesha namba kwa dereva, kina thamani kuliko shokapu nne za dhahabu. Na mapacha wakitofautiana kipenyo kwa zaidi ya milimita 6 hivi, mdogo ataburuzwa na mkubwa maisha yake yote, atakwisha haraka na hakuna alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo na mwinamo wa magurudumu, itakayomsaidia.

Halafu kuna uzee. Gari-nyumba linalotembea kilomita elfu kadhaa kwa mwaka halimalizi meno ya matairi yake ya nyuma. Linamaliza umri wa matairi yenyewe. Mpira una nta na kemikali za kuuzuia usipasuke kwa jua na ozoni, na kinga hiyo hutoka ndani kuja juu tairi linapokunjwa na kukunjuliwa barabarani. Tairi lililosimama miezi halijipaki kinga yake. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin hupendekeza tairi likishafika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama meno yapo. Mimi kwa gari zito la namna hii nisingengoja kumi.

Turudi kwenye bega la ndani lililoliwa. Likiliwa upande mmoja na meno mengine yakawa salama, gurudumu limeinama: juu limeingia ndani, chini limetoka nje. Kwenye Ford E-450 jambo hili lina historia ya chuma. Mbele kuna mihimili miwili inayopishana, kila gurudumu likibebwa na mhimili uliofungwa upande wa pili wa chasisi, mtindo ambao Ford iliuanza kwenye malori yake madogo mwaka 1965. Ni imara ajabu, ila mhimili ukipanda, gurudumu linainama. Springi za mbele zikichoka au zikizidiwa, gari linashuka, magurudumu yanainamia ndani na bega la ndani linaanza kuliwa. Hurekebishwa kwa springi mpya na kwa bushi maalumu za kubadilisha mwinamo. Ukifunga shokapu mpya bila kuinua gari, umelipia ulaini na bado unalipia matairi.

Sasa shokapu, maana haki yake nayo lazima ipewe. Gari lina midundo miwili. Mwili mzima hupanda na kushuka polepole, mara moja au mbili kwa sekunde. Huo ndio unaomwaga chai. Gurudumu lenyewe, likiwa limebanwa kati ya springi na mpira wa tairi, lina mdundo wake wa kasi, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, na huo dereva hausikii vizuri. Tairi la 225/75 R16 lina mzunguko wa mita 2.3 hivi. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 12 kwa sekunde, yaani linaingia hasa kwenye mdundo wa gurudumu. Kama halijasawazishwa vizuri, sehemu nzito inapiga chini kila mzunguko, gurudumu linaitikia, na shokapu iliyochoka haina nguvu ya kulinyamazisha. Linaruka kidogo, linatua, linaruka. Kila likitua, mahali palepale pa tairi panasuguliwa. Vidimbwi ulivyovigusa kwa kiganja vimechimbwa hivyo. Ndiyo maana dawa ya vidimbwi ni mbili kwa pamoja, balansi na shokapu, na ukitumia moja tu utakuwa umetibu nusu ya ugonjwa.

Jaribio la zamani la kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linadunda mara ngapi halina maana hapa. Gari la tani tatu na nusu halishtuliwi na uzito wa mtu. Tazama mafuta yanayovuja kwenye mwili wa shokapu, gusa baada ya safari ya barabara mbaya na linganisha ya kushoto na ya kulia: ile iliyobaki baridi imeacha kazi.

Barabara za vumbi huongeza somo lingine, na wapo wanaoyaleta magari haya kwetu, wanaovuka bara zima kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini. Makunyanzi ya barabara kama ile ya Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, hayafanywi na katapila wala si rasta za mhandisi. Huzaliwa na magurudumu yenyewe. Wanafizikia waliochapisha utafiti wao mwaka 2007, akiwemo Stephen Morris wa Chuo Kikuu cha Toronto, walizungusha gurudumu juu ya mchanga mezani na kuona mawimbi yakijiunda mwendo ukizidi kiwango fulani, hata gurudumu likikosa springi. Makunyanzi yakiwa na sentimita 80 kutoka kilele hadi kilele, kwa kilomita 40 kwa saa gurudumu linagongwa karibu mara 14 kwa sekunde. Ni mdundo uleule. Madereva hukimbilia 70 au 80 ili tairi lipite juu ya vilele tu, na kweli kabati linaacha kulia, lakini tairi linagusa ardhi nusu ya muda na breki nazo zinabaki nusu. Kwa gari refu lenye nyumba mgongoni huo ni mchezo wa hatari. Mwendo wa chini ya 30, upepo umepunguzwa kiasi na kurudishwa ukifika lami, unachosha ila unafika.

Kwenye barabara hizo ndipo tofauti ya shokapu na shokapu inapojitokeza. Ile rahisi ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na mafuta yanashiriki nafasi na hewa au gesi ya presha ndogo. Ikipata moto sana mafuta yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na pistoni inapita kwenye povu bila kuzuiwa. Ya mrija mmoja, wazo la Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ambalo Bilstein ililiingiza viwandani miaka ya 1950, hutenganisha mafuta na nitrojeni iliyoshindiliwa kwa kizibo kinachoelea, kwa hiyo povu halitokei kirahisi, na joto hutoka haraka kwa kuwa mafuta yamegusana na ukuta wa nje. Ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautangulizi: pistoni inasugua ukuta huohuo wa nje, hivyo jiwe likiubonyeza, imekwisha. Ya mirija miwili ikibonyezwa inaendelea na safari. Koni ya Uholanzi ina njia yake, vali ya ziada inayopitisha mafuta zaidi kwenye mitikisiko midogo ya haraka na kukaza kwenye miyumbo mirefu ya polepole. Kwa gari-nyumba la lami ningechagua hii, kwa sababu linachohitaji ni kutoyumba kwenye kona bila kuvunja vikombe kwenye maungio ya daraja. Kwa anayekwenda vumbini, mrija mmoja wenye ukuta mnene na kinga ya mawe.

Mifuko ya upepo inayoongezwa kwenye springi za nyuma ni kitu kingine kabisa, na hiyo kweli hubeba. Huinua mkia, hurudisha mwinamo wa gari mahali pake, taa hazimulikii tena mawinguni. Isipokuwa haibadilishi namba ya ubavuni mwa tairi wala kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha chasisi. Gari lililozidi kilo 300 likiwa limesimama wima bado limezidi kilo 300.

Ukishafika kwenye kufunga, tofauti ya magari inarudi. Kwenye E-450 shokapu imefungwa peke yake kwa nati zake, na kuibadilisha hakugusi alaimenti. Mbele ya Ducato shokapu imo ndani ya springi na ndiyo inayolishika gurudumu lisimame, kwa hiyo kuibadilisha ni kugusa mwinamo wa gurudumu, na alaimenti ni lazima siku hiyohiyo. Springi ile iliyobanwa inaua. Isifunguliwe bila kibanio chake. Bushi zilizopasuka, boljointi na tairodi endi zenye uchezo zibadilishwe kwanza, maana alaimenti iliyopimwa juu ya viungo vilivyolegea hudumu hadi kwenye shimo la kwanza. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa juu ya jeki, mpira unabaki umesokotwa tangu siku ya kwanza na utapasuka mapema.

Na alaimenti yenyewe ifanywe gari likiwa na mzigo wake wa safari: maji tangini, gesi, baiskeli nyuma, hata mifuko ya mchanga kwenye viti badala ya abiria. Gereji nyingi hulipima tupu kwa sababu ndivyo lilivyoingia. Waambie. Kisha pima kina cha meno kwa kila tairi, ndani, katikati na nje, uandike kwenye daftari pamoja na kilomita, urudie kila baada ya kilomita 5,000. Kikomo cha kisheria Ulaya ni milimita 1.6, lakini namba ya kuitazama ni tofauti kati ya ndani na nje. Ikifika milimita moja, rudi kwenye alaimenti wakati tairi hilo bado linafaa kuhamishiwa nyuma.